Saidi Chini ya Maji

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka hapa mtaani kwetu La Rochelle, Johannesburg, ambako baridi imetuingia mpaka mifupani. Mama yako ni mzima na saluni yake ina wateja. Mdogo wako nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa lugha ya vijana wa huku, "Sharp, Babu," yaani poa, lakini anaelewa.

Umeniuliza kama nina hamu na bahari, maana huku haipo. Hamu yangu, mjukuu wangu, ni ya Saidi, rafiki niliyetoka naye Tanga kwenda ugenini kwa mafunzo ya jeshi la majini.

Siku moja ya mazoezi nilikuwa juu ya meli, na Saidi alikuwa ndani ya nyambizi, mahali fulani chini ya maji. Meli yetu ikarusha kombora. Likapaa mbali, likaachia torpedo, yaani bomu la kuogelea chini ya maji, nayo ikashuka baharini kwa parachuti na kuanza kuisaka nyambizi kwa kufuata sauti yake. Haikuwa na baruti, lakini nilimwaza Saidi tu. Tulipoambiwa imeipata, wenzangu wakashangilia.

Jioni nyambizi iliibuka, nikamuuliza Saidi hali ilikuwaje.

"Tuliisikia inakuja," akasema. "Watu wote wakanyamaza. Nikajiambia, huko juu yupo anayelijua jina langu."

"Ulijuaje kama nakuwaza?"

"Sikujua. Nilitamani tu."

Saidi ameshafariki. Sikuwahi kumwambia kwamba saa ile nilikuwa nalitaja jina lake kwa sauti, mpaka ofisa akaniuliza Saidi ni nani.

Ni mimi babu yako, ninayekutaja na wewe.