Nusu ya Koili

Kitengela, 10 Juni 2024

Kwa dada yangu Mwelu,

Salamu kutoka kwa baridi ya huku. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo ulishaacha kulalamika kwa sababu hakuna anayeusikiza. Wewe je? Timothy wa lori la chakula cha kuku ameniambia bado uko Kajiado, kwa karakana ya mota za pampu. Miaka minne tuko kilomita hamsini na hatujaonana. Sababu naijua. Ni mimi niliyesema mbele ya Mama kwamba msichana akisomea stima ataishia kubadilisha balbu.

Sasa niko na swali la stima na sina mtu mwingine.

Nachunga vifaranga elfu moja wa mtu anaitwa Wainaina. Banda linapashwa moto na koili ya jiko la umeme. Juzi ilikatika katikati. Wainaina anataka kutupa kipande kimoja na kufunga kingine peke yake. Anasema, "Nusu ya koili, nusu ya stima." Fundi wake, Mugo, anaitikia kwa kichwa kama mbuzi aliyeona chumvi. Mimi hulala humo ndani. Kitanda kimeegemea magunia ya maranda ya mbao, plagi iko karibu na mto, na jioni mlango hufungwa kwa kufuli kutoka nje, vifaranga wasiibwe. Ni kweli nusu hula nusu? Simu yangu ni mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, haibebi hesabu. Andika, mpe Timothy.

Kaka yako,
Nzau

Kajiado, 13 Juni

Nzau,

Barua imefika ikinuka kuku. Mimi ni mzima na balbu zangu zote ni nzima, asante kwa kuuliza.

Huyo Wainaina ni mjinga, na fundi wake ni mjinga aliye na bisibisi. Lakini usiniamini, mimi ni msichana. Piga hesabu mwenyewe. Chini ya jiko kuna kibati kimeandikwa volti na ampea. Tuseme ni volti 240, ampea 5. Gawanya 240 kwa 5, unapata upinzani, yaani vile waya unavyokataa stima ipite: omu 48. Zidisha 240 kwa 5, unapata nguvu: wati 1200.

Sasa kata nusu. Waya ni nusu, kwa hivyo kukataa pia ni nusu: omu 24. Volti ni zile zile za ukutani. Gawanya 240 kwa 24, unapata ampea 10. Zidisha: wati 2400. Nusu ya koili inakula mara mbili. Ukifupisha kichochoro cha josho, ng'ombe hawapungui, wanamwagika.

Fungua plagi uangalie fyuzi, ile inayokatika stima ikizidi. Ichomoe ukutani kwanza. Nakueleza hivyo kwa sababu nakujua.

Mbadilisha balbu,
Mwelu

Kitengela, 18 Juni

Dada Mwelu,

Natumai kifua chako kinavumilia huu msimu. Dharau yako imefika yote, haikumwagika hata tone njiani.

Kibati kinasema vile vile, 240 na 5. Nilipiga hesabu kwa makaa juu ya gunia mara tatu, nikampelekea Wainaina gunia lenyewe. Akauliza, "Nzau, ulifika darasa la ngapi?"

"La saba."

"Na kuku wangu? Maanake naona mmefungua shule huku."

Mugo alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kamba fupi huwa nyepesi, hata mtoto anajua.

Wameifunga hiyo nusu. Inawaka karibu nyeupe na Wainaina amefurahi: "Ona, ni nusu na inashinda ile nzima." Huo moto wa ziada anafikiri unatoka mbinguni. Plagi haishikiki kwa moto. Nilipoifungua sikupata fyuzi. Mugo ameweka karatasi ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa. Na waya ni ule mwembamba wa taa.

Nikikataa, kuna watu sita langoni wanangoja kazi hii. Nikikubali, nalala na hiyo plagi.

Kaka yako,
Nzau

Kajiado, 20 Juni

Nzau,

Sikuulizi afya, nataka uwe nayo kwanza. Ndani ya bahasha kuna fyuzi ya ampea 5. Koili nzima ingepita nayo bila shida. Hiyo nusu itaikata. Iweke mbele ya macho yao. Wakirudisha karatasi, toka, usilale humo tena. Nimekukasirikia miaka minne. Ukiungua huko, hasira yote hii nitampelekea nani?

Mwelu

Kitengela, 1 Julai

Dada Mwelu,

Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu Timothy anasema umemsumbua.

Fyuzi ilikatika kabla chai haijapoa. Wainaina akasema ni mbovu, imetoka kwa mwanamke. Mugo akaanza kukunja karatasi yake. Hapo nikasema, "Sawa, bosi. Leo mimi nalala nje na mbwa. Mugo alale kwa kitanda changu, umfungie na kufuli."

Wainaina akaona ni jambo dogo. "Mugo, lala hapa siku moja, huyu mwalimu wa kuku atulie."

Mugo akaangalia plagi. Akaangalia maranda. Akaangalia kufuli. Sijawahi kuona mtu akijifunza hesabu haraka hivyo. Akasema lazima afike Kiserian, mama yake ni mgonjwa.

"Mama yako si tulimzika?"

"Ni mama mdogo."

Wainaina ni mjinga, lakini si mjinga wa kufa. Kesho yake alileta koili mpya, nzima, na fyuzi. Kisha akaniambia mtu anayejua kuliko bosi atafute kuku wake. Nimefutwa kazi. Niko kwa Timothy. Gunia la hesabu nimeliacha ukutani, vifaranga wasome.

Nilikukosea mbele ya Mama. Naandika kwa sababu mdomoni neno hili litakwama. Naweza kuja?

Kaka yako,
Nzau

Kajiado, 3 Julai

Kaka,

Nimefurahi u mzima. Njoo Jumamosi na lori. Balbu ya mlango wangu iliungua wiki iliyopita na nimekataa kuigusa. Utaibadilisha wewe.

Zima swichi kwanza.

Dada yako,
Mwelu