Nilianzia Mkono wa Kulia

Temeke, Dar es Salaam
Kumi la mwisho la Ramadhani

Kwako Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "halijambo" kama mara ile, maana aliyeniletea barua yako alinieleza unakwenda sokoni na fimbo. Mie mwili mzima, roho ndiyo inaniuma. Soma mpaka mwisho kabla hujanuna.

Ile hadubini ya maabara niliyokuwa nakusimulia tumeiweka kabatini. Tumeletewa mashine kutoka nje. Damu inatiwa kwenye trei ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Safu ya kwanza, ya kushoto, anaijaza mkuu wetu, Bi Eliwaza, kwa damu ambazo majibu yake yanajulikana. Zilizobaki najaza mie kwa pipeti, bomba dogo la kunyonyea damu, lenye midomo minane: mara kumi na moja tu, watu themanini na wanane tayari. Tunatia dawa, mashine inasoma rangi. Kishimo cha njano, mwenyewe ana homa ya ini, cheupe, hana. Kazi ya wiki inaisha kabla ya adhuhuri.

Ila zamani damu ilikuja na mwenyewe. Namchoma sindano, ananisimulia ya kwao, tunacheka. Siku hizi naletewa vichupa vya damu vyenye namba. Wallahi Mama, kuna siku nafika chumbani kwangu sijaongea na mtu isipokuwa muuza maji.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikuwa na damu za kina mama wajawazito. Saumu imenikamata, feni mbovu, akili yote iko Ujiji kwa mwanangu Zainabu. Wewe ndiye uliyenilea nianzie kulia kila jambo: kiatu, kanzu, kupitisha sahani ya futari. Basi mkono ukafuata malezi yako. Nikamimina kutoka safu ya kulia kwenda kushoto, na karatasi ya namba inaanzia kushoto! Mashine haijui mtu, ikasoma tu. Majibu yakaenda kliniki, ya huyu kwa yule.

Alhamisi nikafungua boksi nililotumia Jumanne, la zile ncha za plastiki tunazovika pipeti. Zilibaki nane, zote upande wa kushoto. Kila siku zinazobaki ni za kulia, maana nachukua ncha kuanzia upande ule ule ninaoanzia kumimina. Hapo nikajua nilichofanya Jumanne.

Hakuna aliyejua, Mama. Tiketi ya treni ninayo mkononi. Ningenyamaza, leo ningekuwa njiani nakuja kula Idi na mwanangu, baada ya miaka miwili. Nililishika lile boksi muda mrefu, tena nilifika mpaka kwenye pipa la taka. Nakwambia wewe tu.

Nikampelekea Bi Eliwaza.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Ya Jumanne nina hakika. Za nyuma sijui."

"Basi tunarudia za mwezi mzima. Treni isahau, mwanangu."

Akapiga simu kliniki wasitoe jibu hata moja. Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu.

Zamani nikikosea, nilimkosea mtu mmoja, nikamfuata kwake Mtoni nikamwomba radhi. Hawa ningewafuata wapi? Nilianza na trei ya Jumanne. Mwanamke namba thelathini na tatu nilikuwa nimemwandika mzima. Kishimo chake kikageuka njano mbele ya macho yangu. Sasa mtoto wake atachomwa sindano ya kinga siku atakayozaliwa. Simjui jina, naye hanijui. Nililia pale pale, na sijui nilimlilia yeye au nilijililia mwenyewe.

Kwa hiyo siji. Idi itanikuta hapa maabara. Upweke umenichosha, Mama, sikufichi.

Msalimie Mjomba Ramadhani fundi cherehani, mwambie kitambaa chake nimekipata. Msalimie Bi Mkubwa jirani yetu, na mwalimu wa madrasa anayemvumilia Zainabu.

Aliyebeba barua hii ana viatu vya Zainabu vya Idi. Mvalishe wa kulia kwanza, kama ulivyonivalisha mie. Dukani waliniuliza namba ya mguu wake. Mie ninayeshinda na namba kutwa, ya mwanangu siijui. Nimekisia. Vikimbana usimkaripie. Msimamishe juu ya karatasi, uchore wayo wake, unitumie. Nataka niuone ulivyokua.

Mwanao aliyekukosa Idi hii,
Mwanaidi