Kerisi Tuliyokatia Nanasi

Jumapili jioni. Mvua imekatika, lakini upande wa Kongo mbingu bado nyeusi, na moyo wangu haujatulia.

Mwezi wa ndoa haujatimia! Mtu akiniita Madamu Fabrice bado nageuka kumtafuta huyo madamu. Nampenda huyu mwanaume mpaka naona haya kuandika. Anapiga pasi huku anaimba. Ananiamsha kwa kunipuliza shingoni.

Zawadi yake ya harusi kwangu ilikuwa kisu. Dada zangu walikunja uso, mimi nikakikumbatia. Alikinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama mtaa wa Mutanga Nord. Chuma chake kimepindapinda kama nyoka anayeogelea, na mpini ni wa mti mweusi. Nilisema kitu kizuri namna hii hakiwezi kulala kabatini.

Wazo lilikuwa langu.

Basi kila asubuhi Fabrice anatukatia nanasi. Mimi nachukua kwa uma. Yeye anakula kwenye ncha ya kisu, halafu analamba maji ya nanasi kwenye chuma ili nicheke. Nacheka kila mara.

Tangu juma lililopita anaumwa tumbo. Vidole pia: anasema ni kama sisimizi wanatembea ndani yake. Tukasema ni uchovu wa harusi.

Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Asiatique alikuwa ametuambia ni jambia la Waarabu. Leo baada ya misa tukakipeleka kwa masera mzee, mtawa wa parokia yetu hapa Ngagara, aliyezaliwa kisiwa cha Java, huko Indonesia. Alikichomoa polepole, akahesabu mapindo bila kugusa chuma. Kerisi, akasema, tena ya kweli: mapindo hayagawanyiki kwa mbili, na ile michirizi myeupe haikuchorwa, ni vyuma viwili vilivyokunjwa pamoja motoni. Bei je? Akacheka. Kwao hawasemi bei, wanasema mahari, kwa sababu kerisi inaolewa na mwenye kuinunua.

"Kumbe niko na bibi wawili!" Fabrice akaruka. "Sheri wangu, salimia mukubwa wako."

"Mukubwa gani? Huyo atalala mu jikoni."

Tulicheka wote watatu. Kisha masera akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akainusa.

"Hii weusi ni mupya. Ule muzungu aliiosha karibuni. Munaifanyia nini mu nyumba?"

"Tunakata nanasi, masera."

Akaiweka mezani, akaenda kunawa mikono. Aliporudi akatueleza. Kwao kerisi huoshwa kwa ndimu na aseniki, ile sumu ya panya. Ndiyo inayofanya chuma kiwe cheusi ili weupe uonekane. Hakuna anayeipeleka mdomoni.

"Mutoto wangu, unasikia mwili namna gani?"

Fabrice alinitazama mimi kwanza. "Niko bien, masera."

"Apana," nikasema. Mimi ndiye niliyetaja tumbo. Mimi ndiye niliyetaja vidole.

Kerisi tumeiacha kwake, tukaenda moja kwa moja hospitali. Wamechukua damu na mkojo. Daktari alisema huenda ni kitu kidogo, lakini aliuliza mara mbili imeanza lini. Majibu ni Jumanne.

Sasa amejilaza kwenye kochi, anasugua vidole kwenye shuka akidhani simwoni. "Sheri, acha kuandika huzuni," ananiambia, "kuja unicheke kidogo." Nitaenda. Namaliza mstari huu tu.

Tangu mchana najipapasa. Tumbo, vidole, nyayo. Natafuta maumivu yangu mwenyewe, hata madogo, ili chanzo kiwe ni maji, au nanasi lenyewe, chochote tunachokula sote wawili.

Siumwi popote.