Sura ya Mama Mkwe Kwenye Cheki

Jumamosi, Februari

Na nani alimtuma mume wangu Njoroge aweke picha? Mwenye nyumba wetu huku ughaibuni, hapa Anoka, hataki kodi kwa simu, anataka cheki. Njoroge akasema benki inatuuzia cheki kama dhahabu, tutaprinti zetu nyumbani. Sawa. Akanunua karatasi zake spesheli, akajaza namba za akaunti kwa kompyuta, akaona kuna nafasi ya picha. Akaweka mamake. Ati zawadi, kwa vile amekuja kututembelea.

Leo nimeprinti, nne zikatoka zimepinda, namba zimekatwa nusu. Nikaziharibu vile inavyotakiwa, mtu asije akazitumia: VOID, kalamu nyekundu, herufi kubwa, katikati kabisa. Katikati ndipo paji la uso wa mama mkwe lilipo. Nakiri ile ya tatu niliifurahia kidogo.

Halafu, mjinga mimi, nikazitupa kwenye pipa la jikoni. Kurudi kutoka dukani, nikamkuta mama mkwe amezipanga mezani zote nne.

"Hii neno inasema nini?"

Njoroge akakumbuka ana kazi gereji. Mwoga.

"Inasema haifai tena, Mama."

Akavaa miwani. "Ni karatasi haifai, ama ni mimi?"

"Karatasi, Mama. Karatasi tu."

Akazitazama moja moja, polepole, akachagua ile ya tatu bila kuelekezwa, akaitia kwenye mkoba.

"Hii nitakaa nayo," akasema. "Hapa uliandika na roho yako yote."

Tiketi yake ya kurudi ni ya Mei.