Chako Kwangu, Changu Kwako

Kalunde, mwenzangu,

Mvua imenifungia ndani, na mlango nimeutia komeo mchana huu huu, jambo ambalo mtu yeyote wa Kigwa akiliona ataniuliza naumwa nini. Siumwi. Naogopa. Nimekaa kwenye kipande kikavu kilichobaki kati ya kitanda na mafiga, karatasi nimeiweka juu ya ungo ili matone yasiifikie. Kalamu ni ile ya mafundisho ya ubatizo, uliyokuwa ukinicheka nayo kwamba naishika kama mwiko. Hukujua kusoma, na leo nakuandikia. Sina mwingine wa kumwambia neno hili, maana lilikuwa letu wawili tu, na wewe umeondoka na nusu yake.

Ngoja nianze na habari za nyumbani, kama ulivyopenda. Mbuzi wako mweupe amezaa pacha, majike wote. Pale stesheni mahali pako bado pako wazi. Gari moshi likisimama wenzetu wanajipanga na mayai yao na mihogo, lakini ile nafasi ya karibu na tangi la maji hakuna aliyekaa. Abiria mmoja, yule mzee wa kofia anayekwenda Kigoma kila mara, aliuliza yuko wapi mama wa karanga anayepunja vipimo. Nikamwambia amefariki. Akanunua zangu zote, hata zilizoungua.

Sasa lile lenyewe.

Unakumbuka lilivyoanza. Nilikusimulia habari ya bibi yangu, aliyefukia hela za Mdachi chini ya kinu wakati wa vita, akaja kuzifukua Mwingereza ameshakaa, zikawa hazinunui hata chumvi. Sisi watoto tuliachiwa tuchezee. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema bibi alikosea mara mbili: alijiwekea mwenyewe, na hakuiambia ile pesa inakwenda kununua nini. Siku ya mwaka mpya, tukitoka sala, ukanivuta mpaka kisimani ukaniambia nitaje kitu kimoja, kimoja tu, ambacho mwaka ukiisha lazima kiwe ndani ya nyumba yangu. Nikataja mlango wa mbao. Wewe ukataja blanketi zito. Halafu ukaweka sheria zako za akiba. Chako nitunze mimi, changu utunze wewe. Mahali pa kuificha tusiambiane. Na ile ya mwisho uliisema umenishika mkono:

"Hata nikija nalia, usinipe."

Na ulikuja ukilia, mama. Ule mwaka wa blanketi, Mwarabu alipita na kanga nyekundu, ukanijia machozi yanatiririka, ukaapa kwa watakatifu wote kwamba utarudisha. Nikakunyima. Hukunisalimu mpaka kanga zikaisha. Lakini kipupwe kilipokuja ulinitumia mtoto aniite, nikakukuta umejifunika gubigubi unachungulia kwa jicho moja. Na mimi nililia kwako mwanangu aliposhikwa na homa, nikitaka changu ninunue dawa. Ulininyima. Ukaingia ndani ukatoka na chako cha chumvi na mafuta ya taa, ukanitia mkononi, ukasema hiki si cha mlango, chukua. Mtoto akapona. Mlango huo ndio nimeutia komeo leo.

Mwaka jana ulitaja kitu ambacho hakikuwa kitu. Ulisema, binti yako Yustina aende shule kwa masista Tabora. Ulikuwa umeshampeleka, sista mkuu ameshamtazama na kusema aje mwaka ukianza, na ada yake na sanduku. Mimi nikataja bati, kwa sababu nyasi hizi zimeoza na mume wangu yuko mkongeni Tanga, hajaleta hata salamu. Kila gari lilipopita tulifungua fundo la kanga, nikakupa changu, ukanipa chako, bila hata kuangalia ni kiasi gani. Sijawahi kumwamini mtu hivyo, hata huyo wa mkongeni.

Kisha kichomi. Tulikupandisha gari moshi umekaa, tukafika hospitali ya Kitete unaburuzwa. Mama mkwe wako hakubanduka kitandani pako, na simlaumu, alikuwa anakufuta jasho kwa upendo. Lakini ulikuwa unanitazama mimi. Ulifungua mdomo mara kadhaa, ukamwona yeye, ukaufunga. Najua ulitaka kuniambia mahali. Ulinibinya mkono tu, basi, na mimi kama mjinga nikaogopa hata kuuliza.

Walipoanua matanga nilialikwa kama rafiki wa marehemu. Kalunde, siku hiyo sitaisahau. Shemeji yako Maganga, ndugu wa marehemu mumeo, alikaa kwenye kigoda, akawa anagawa. Jembe kwa huyu. Vyungu kwa yule. Blanketi lako kwa mama mkwe. Kila chombo kilichonyanyuliwa nilitega sikio kama senti zangu zitalia ndani. Mtungi ule mkubwa wa maharage alipewa wifi yako wa Puge, akaubeba kichwani umejaa, nikaangalia shingo yake ilivyolemewa nikajiuliza, ni maharage tu hayo? Kesho yake mtungi ulishakwenda Puge. Mto wako wa pamba ulichomwa kwa sababu ya ugonjwa. Nikasimama karibu na moto ule mpaka mtu akanivuta akidhani uchungu umenizidi. Ulikuwa umenizidi kweli. Sikuweza kusema neno, kwa sababu ningesema nina changu humu, wangeuliza chake kiko wapi.

Chake. Chako, mwenzangu, kiko hapa, juu ya kichwa changu, kwenye kibuyu cha mbegu za karanga kilichoning'inia darini. Niliona hakuna mkono utakaogusa mbegu kabla ya mvua. Sasa mvua imekuja, mbegu nimepanda, na kibuyu kimebaki na senti zako peke yake. Upepo ukikitikisa kinalia. Nimekijaza pumba na bado nasikia. Nikiwa kisimani nasikia. Nikiwa stesheni, gari linapiga king'ora, nasikia kibuyu.

Maganga alikuja wiki iliyopita. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaketi uani akashika kofia yake mkononi. Unajua si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha, maana mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Alikulilia kaburini mpaka akashikwa. Ila ana mtoto wa kiume anayetaka kuoa, ana kodi ya mwaka, na kuna mtu huko Puge amemwonyesha ng'ombe wa mahari kwa ajili ya Yustina. Akaniambia marehemu alikuwa akiuza kila gari, na nyumbani hawakukuta hata senti. Akaniuliza kama najua chochote.

Nikamwambia, "Kwenye nyumba yenu sijaona kitu cha Kalunde."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Akaigeuza kofia mkononi. Akasema, kwa upole, kwamba akiendelea kukosa majibu itabidi aende kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, ili nyumba za marafiki zipekuliwe, asije akaonekana amewadhulumu yatima. Tangu hapo silali usingizi wa mtu mzima. Wakikuta kibuyu hiki nitasema nini? Shahidi wangu ni wewe. Wataniita mwizi wa marehemu, na watakaoniita hivyo ni watu niliosali nao, na mwanangu atakua akisikia hivyo.

Na kuna hofu nyingine, hiyo ndiyo mbaya zaidi, naisema kwa sababu hukuwa mtu wa kushtuka. Tone linapoangukia kitanda cha mwanangu natazama juu, siangalii nyasi, naangalia kibuyu. Najiambia, changu kimepotelea kwake, chake kiko kwangu, si sawasawa? Nani amepunjwa? Bati zingekuja, zingepigiliwa, na pasingebaki cha kupekuliwa. Hesabu inakubali kabisa. Inakubali upesi mno, ndiyo maana naikimbia. Juzi nilikishusha. Nilikuwa nimekipakata, mkono uko shingoni mwake, wakati mtu alipobisha hodi.

Alikuwa Yustina, na mtungi mtupu wa maji. Nilikitupia kanga kile kibuyu nikafungua. Ameota urefu, ana mdomo wako. Alisimama kizingitini, hakutaka kuingia, macho ameyakodoa kama mtu aliyeingiwa na moshi. Akaniamkia. Akasema wenye ng'ombe wanakuja baada ya palizi ya kwanza. Kisha akasema lile lililonimaliza.

"Mama mdogo, mama aliniambia shida ikinifika nije kwako. Lakini nisilie. Alisema nikilia hutanipa."

Na hakulia, Kalunde. Kidevu kilikuwa kinacheza, mikono imeshika mtungi mpaka vidole vimebadilika rangi, na chozi hata moja halikushuka. Hakujua anachoomba ni nini. Hakujua kama ni chakula au ni pesa au ni maneno. Alijua sheria tu. Mimi ndiye niliyekaa chini nikalia, na yeye akanitazama kwa woga, akidhani sasa nimejinyima mimi mwenyewe.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Kesho alfajiri tunaondoka. Hatupandi gari moshi, kwa sababu Maganga yuko kwenye genge la vibarua wa reli na stesheni ni kama uani kwake. Tutapita njia ya zamani ya wapagazi, ile aliyopita babu yako na pembe ya ndovu begani, ukijivunia habari zake utadhani ulimsaidia kubeba. Sisi tutabeba sanduku, na blanketi langu, kwa kuwa lako limegawiwa. Mwanangu atabaki kwa mama yangu. Naogopa mito iliyojaa, naogopa pori lile la mbung'o ambalo siku hizi halina hata moshi wa mtu, naogopa tutakutana na mtu anayetujua, naogopa tusikutane na mtu kabisa. Naogopa sista mkuu atasema amechelewa. Na nikirudi, Maganga atakuwa amekaa uani kwangu na mwanangwa pembeni, na safari hii nitasema yote: pesa zilikuwa za marehemu, zilikuwa na kazi yake, kazi imefanyika, hii hapa stakabadhi ya masista. Wakitaka kunipiga faini wanipige. Nimeandika hivyo, na sifuti.

Siku ya mwaka mpya nilikwenda kisimani peke yangu. Nilingoja wachota maji waondoke nikataja kwa sauti, kama ulivyonifundisha, bati. Sauti yangu ilinitisha. Hapakuwa na mtu wa kunishika mkono wala wa kumpa fundo la kanga. Nitaanza upya na karanga za gari la kwanza nikirudi, na sijui nitampa nani anitunzie. Labda nitamuomba sista. Labda nitamuomba yule binti yako, akija likizo, kwa kuwa nimeona anavyoweza kushika sheria.

Karatasi hii nitawashia moto wa uji alfajiri, isije ikanisemea nisipokuwepo. Moshi utapita kwenye paa hili bovu bila taabu. Nakuahidi jambo moja: ikifika barua nyingine kwako, haitakuwa na mwandiko wangu wa mwiko. Itakuwa ya mkono wa Yustina.

Lala salama, mwenzangu. Kibuyu nimeshakimwaga sandukuni, sasa hakilii. Changu sijui ulikiweka wapi, na nimeacha kukitafuta, kitunze tu. Ila masika yatakuwa marefu, na kuna siku hili paa litanishinda, nitakuja kaburini kwako nikuombe unionyeshe mahali.

Hata nikija nalia, Kalunde, usinipe.

Mwenzako,
Nyamizi