Diski Yenye Harusi ya Wifi

Upo? Mwenzio nimekwisha.

Ile kompyuta ya kuhariri video nimemaliza kuiunda leo, ikawaka vizuri tu. Ila kwa kubana matumizi sikununua diski mpya, nikachomoa ile ya kompyuta ya zamani. Nikaifuta yote ndipo nikaweka Windows.

Video ya harusi ya wifi yangu ilikuwa humo. Humo tu. Nimeifuta mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Sasa hivi kanipigia. "Wifi, usihangaike na harusi nzima. Nikatie tu pale baba anapotupa nasaha. Tangu tumzike, mama anaililia sauti yake."

Unajua nilimjibu nini? "Usijali wifi, kompyuta mpya ina kasi, kesho utaipata."

Kesho. Nimesema kesho.