Mwito wa Ng'ombe

Oulu, 12 Februari 1989

Dada Irmeli,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kilichopigwa na kisahani cha magongo ya barafuni Jumamosi na bado kimevimba. Lile goti lako linaendeleaje? Hapa ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Jikoni shuleni tumepika supu ya njegere, watoto wameila kama adhabu.

Matokeo umeyasikia. Sisi tumeingia fainali, nanyi mmeingia. Mchaguzi wa timu ya taifa atakuwepo, na kocha wangu anasema amebakiza nafasi moja tu. Anafikiria majina mawili: lako na langu. Baba ameuliza akae upande gani wa uwanja. Mama amemwambia akae karibu na kahawa.

Nina ombi moja. Ule mwito wa Mama wa kuitia ng'ombe, ptruui, tuliokuwa tukiutumia tukicheza kwenye barafu nyuma ya zizi. Ulikuwa ukiita mgongoni kwangu, naacha kisahani hapo hapo bila kugeuka, nawe unakichukua. Tumefanya hivyo miaka kumi na tano, na hapa Oulu hakuna anayeujua. Lakini najijua, Dada: mwili wangu hutii mwito kabla ya kichwa. Siku ya fainali tuuache nyumbani.

Mdogo wako,
Marjut

*

Tampere, 17 Februari 1989

Mdogo wangu,

Habari za huko? Mimi sijambo. Goti linalia kila nikipanda ngazi pale tunapofua mashuka ya hospitali, lakini kwenye barafu linanyamaza. Kidole chako kikande kwa theluji, usimwonyeshe kocha.

Umenichekesha. Kumbe nina mdogo ng'ombe. Hata Heluna, ng'ombe wa Mama, amekuzidi akili, maana yeye akiitwa huangalia kwanza kama kuna ndoo.

Lakini nimekuelewa. Nakuahidi, mwito hautatoka kinywani mwangu. Nitakupita kwa miguu, mbele ya Baba na kahawa yake, kisha utanipa pole.

Dada yako,
Irmeli

*

Oulu, 6 Machi 1989

Dada Irmeli,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea. Tulikuwa mbili kwa mbili, zimebaki dakika mbili na sekunde kumi. Nilikuwa na kisahani nyuma ya goli letu. Nilijua wewe uko wapi, nilikuwa nimekuona sekunde tatu kabla. Nikasikia ptruui begani kwangu, upande wa kushoto, ikipanda mwishoni kama anavyoipandisha Mama. Nikakiacha. Nilipogeuka, kipa wetu alikuwa chini na ninyi mnakumbatiana.

Wenzangu wananiuliza nilikuwa nampa nani pasi. Niseme niliitwa nikaja?

Baba hakuona, alikuwa ameinama kumimina kahawa. Mama aliona na alisikia.

Jana wametangaza jina. Hongera.

Niambie kwa nini.

Mdogo wako,
Marjut

*

Tampere, 20 Machi 1989

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Nimeanza barua hii mara nne.

Ilinitoka, Marjut. Naapa ilinitoka tu. Nilikuona nyuma ya goli, mgongo wako ule ule wa kwenye barafu nyuma ya zizi, na mdomo ukaita wenyewe. Wewe mwenyewe uliandika kwamba mwili hutii kabla ya kichwa. Wangu pia ni mwili.

Ningeweza kumwambia mchaguzi akupe wewe, lakini mambo hayaendi hivyo. Wewe una miaka ishirini na minne. Mimi nina ishirini na saba na goti moja. Mwakani ni zamu yako, kila mtu hapa anasema hivyo.

Mwambie Mama aniandikie.

Dada yako,
Irmeli

*

Oulu, 30 Aprili 1989

Dada Irmeli,

Hujambo? Huku theluji imebaki kwenye vivuli tu. Kesho ni sikukuu ya Mei, nimekaanga maandazi ya shule nzima na nywele zinanuka mafuta.

Barua yako niliiamini. Nataka ujue hilo. Niliisoma, nikasema basi, ni dada yangu, ilimtoka. Nilishachukua karatasi nikuandikie hivyo.

Juzi kipa wenu, Sirkka, alikuja huku kwa shangazi yake, akanipitia. Mtu mwema. Alidhani najua. Kwenye kahawa akaniambia, "Ila na wewe, Marjut, tulifanya mazoezi ya kile kitu wiki nzima, nami nikawa nasema haiwezekani beki wa kiwango chako akaingia mtegoni." Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Si ile Ng'ombe."

Kocha wenu aliuandika mpango huo ubaoni kwa jina hilo. Mlifanya siku tano. Msichana mmoja alivaa fulana yenye namba yangu na kusimama nyuma ya goli, akifundishwa kuacha kisahani ili wewe ujue kitaangukia wapi.

Nilimwongezea Sirkka kahawa. Nilikuwa nimejibanza ukingoni mwa kiti kama mgeni.

Siku tano, Dada. Na barua ya ahadi ulikuwa umeshaiweka posta.

Tatizo jingine ni hili. Siku hizi kila nikiwa na kisahani nageuka kwanza. Hata mwenzangu akiniita kwa jina, nageuka nimwone uso. Beki anayegeuka kwanza ameshachelewa. Kocha amenivumilia mechi tatu za kirafiki, ya nne akaniweka benchi.

Msimu ujao sichezi. Mgongo wa Baba umechoka, narudi nyumbani kwenye ng'ombe.

Mdogo wako,
Marjut

*

Tampere, 3 Mei 1997

Mdogo wangu,

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Hii ni barua ya tisa tangu ulipoacha kunijibu. Kwenye mazishi ya Baba ulinipa mkono, nikaona hiyo inatosha kunipa ujasiri.

Nimetundika viatu. Misimu minane kwenye timu ya taifa, medali nne, goti la pili nalo limekwisha. Walinipa maua na saa ya ukutani. Bado nafua mashuka.

Katika zile barua nane za kwanza nilikuandikia habari na sikuandika hili. Kocha aliniuliza udhaifu wako ni nini. Nikasema huna. Akaniuliza mara ya pili. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, nikaitoa nikamsomea. Sikulazimishwa. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyokujali wewe, na ningekuwa na miaka ishirini na saba tena sijui ningefanya nini.

Nataka nije mwisho wa mwezi, siku mnayowatoa ng'ombe zizini. Niruhusu nisimame langoni niwaite, mara moja, kama zamani. Baada ya hapo niambie chochote.

Dada yako,
Irmeli

*

Nyumbani, 11 Mei 1997

Irmeli,

Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini anakula. Tunao ng'ombe kumi na watatu, tutawatoa tarehe 29 mvua ikikubali.

Nimesoma uliyoandika. Ni kweli yote, kwa hiyo sina la kuongeza.

Basi hufika saa tano na nusu. Kahawa itakuwepo, na Mama ameshasema ataoka lile jibini lake la tanurini. Chumba chako kina mifuko ya mbegu, nitaitoa.

Kuhusu kuwaita: tangu nirudi sijaita hata siku moja. Nagonga ndoo kwa kijiko, ndivyo nilivyowafundisha. Aliyeujua ule mwito alikuwa Heluna peke yake, naye tulimchinja miaka mitatu iliyopita. Hawa waliopo ni wajukuu zake.

Simama langoni ukitaka. Ukiita, hatageuka mtu.

Marjut